Mpe Boksi, Mwachie Uamuzi

Katika maduka ya watoto hapa Ujerumani, vifaa vya sanaa na kazi za mikono hujaza rafu kutoka chini hadi juu: seti za shanga, udongo wa rangi, picha za kubandika, vitabu vya kupaka rangi. Karibu kila seti huja na picha ya kitu kilichokwisha kutengenezwa, pamoja na karatasi ya maelekezo, hatua kwa hatua. Ndizo seti ambazo wengi wetu tunaoishi Ulaya huzisindilia kwenye masanduku tunapokwenda likizo Dar es Salaam au Mombasa, tukiamini kwamba tunawapelekea wapwa zetu ubunifu. Naona tunabeba mzigo usio wenyewe. Kinachomkuza mtoto kisanaa ni kuachiwa uamuzi: atengeneze nini, kwa kitu gani, na lini aseme kazi imekwisha. Seti ya dukani imeshayaamua yote matatu kabla hajaifungua.

Wazungu wenyewe hawakubaliani na maduka yao. Mwaka 1992, huko Bavaria, ulianza mpango wa shule za awali zisizo na vichezeo. Kwa muda wa miezi mitatu hivi vitu vyote vya kuchezea huondolewa, watoto wakabaki na viti, meza, mablanketi na mito, na walimu wakajizuia kuwapangia la kufanya. Walioubuni mpango huo walikuwa wakishughulikia kinga dhidi ya uraibu: walitaka mtoto azoee kukabili uchovu wa kukosa la kufanya na kujitafutia mchezo, badala ya kungoja kitu cha kumliwaza. Nchini Italia, mji wa Reggio Emilia umejulikana duniani kwa shule za awali zilizojengwa juu ya mawazo ya Loris Malaguzzi, ambamo karakana ya sanaa ni sehemu ya shule, si pambo lake. Mwaka 1996 mji huo ulifungua kituo kiitwacho Remida, kinachokusanya mabaki ya viwandani, kama vipande vya ngozi, karatasi, plastiki na vitambaa, na kuwapa walimu na watoto wayatumie wapendavyo. Kwa maneno mengine, miji tajiri inalipa gharama kuwarudishia watoto boksi tupu.

Nyumbani boksi hilo halijawahi kuadimika. Mtoto wa kwetu hutengeneza gari kwa dumu au waya, mpira kwa matambara na kamba, mwanasesere kwa gunzi la hindi, ng'ombe kwa udongo wa bondeni, na jiko zima kwa vifuu vya nazi. Tukitazama kwa makini anachofanya mwenye gari la dumu, tutaona mfululizo wa maamuzi. Gurudumu la ndala kuukuu linashika ardhi vizuri lakini linachanika pale penye tundu la mhimili. Kizibo hakichaniki lakini kinateleza mchangani. Usukani lazima uwe na mti mrefu ili dereva asikimbie akiwa ameinama. Hakuna karatasi ya maelekezo inayomwambia hayo. Mwaka 1971 msanii Mwingereza Simon Nicholson aliandika kwamba ubunifu katika mazingira yoyote hutegemea wingi na aina za vitu visivyofungwa mahali pamoja, vinavyoweza kuhamishwa, kuunganishwa na kubadilishwa. Ua wa nyuma wa nyumba yoyote ya uswahilini ungempa mifano tele.

Msomaji atapinga hapa, na ana haki: je, si kuusifia umaskini huku? Watoto hao wangepewa gari la betri wangelipokea kwa mikono miwili. Kweli, wala sidai kwamba kukosa ni fadhila. Malighafi peke yake haitoshi, na hapa ndipo sisi wa nyumbani tuna upungufu wetu. Mtu mzima akiliona gari la dumu mara nyingi huona taka. Litafagiliwa kesho asubuhi pamoja na majani, na mwenyewe ataambiwa aache kuchezea uchafu akasome. Katika shule nyingi za awali za Ujerumani kila mtoto ana jalada lake, na michoro yake huhifadhiwa humo ikiwa na tarehe, miaka yote hadi aanze darasa la kwanza. Picha hutundikwa usawa wa macho ya mtoto. Mwalimu mzuri haulizi "Hiki ni nini?" bali husema "Nisimulie." Heshima hiyo haina bei, na ndiyo ingefaa kusafirishwa.

Heshima hiyo, hata hivyo, si zawadi wala makofi. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wawili walichapisha utafiti waliofanya katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Wale walioahidiwa cheti chenye nembo ya dhahabu na utepe walichora kwa ajili ya cheti. Baadaye, walipoachwa huru, muda waliotumia kuchora ulikuwa karibu nusu ya ule wa wenzao wasioahidiwa kitu. Ahadi ya malipo iligeuza mchezo kuwa kazi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Bibi wa Pemba anayemfundisha mjukuu kusuka ukili hamwachii uamuzi wowote. Mtoto huiga, akikosea hufumua, akaanza upya. Je, hapo hakuna ubunifu? Naona upo, ila umewekwa mbele ya safari. Uhuru usio na ustadi wa vidole huchoka upesi, maana mtoto hujua anachotaka lakini mkono haumtii. Finland iliyaona hayo mapema: tangu mwaka 1866 kazi za mikono zimekuwa somo la lazima katika shule zake za umma. Aliyeshika ukili sawasawa ndiye atakayeweza siku moja kuchagua rangi na kubuni nakshi zake. La kuangalia ni kwamba siku hiyo ifike, isizuiwe na neno "hivyo sivyo" lisilokoma.

Wengine watasema sanaa ni anasa kwa mzazi anayehangaikia ada na mitihani. Kenya imelijaribu jambo hili hadharani kupitia mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kote kuanzia mwaka 2019, na wazazi wengi wakalalamika kwamba kila jioni wanatumwa madukani kutafuta manila na gundi. Malalamiko hayo yanaunga mkono hoja yangu. Pale kazi inapotakiwa ipendeze machoni pa mwalimu, mzazi huimalizia mwenyewe usiku, na mtoto hubaki mtazamaji. Ujerumani nako taa za karatasi wanazobeba watoto katika maandamano ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, kila tarehe 11 Novemba, mara nyingi huwa nadhifu kuliko uwezo wa mikono ya miaka minne. Ugonjwa ni ule ule. Tena anayeogopa kwamba sanaa hailipi na amkumbuke Edward Saidi Tingatinga, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam alianza kuchora kwa rangi ya kawaida ya dukani juu ya vibao vya ujenzi, bila chuo cha sanaa, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Kwa sisi tulio ughaibuni, kikwazo cha kweli ni nyumba ndogo ya kupanga, zulia la mwenye nyumba na baridi inayofunga milango miezi mitano. Dawa yake ni ya kawaida: kona moja, magazeti sakafuni, shati kuukuu la baba juu ya nguo, kasha la makorokoro safi ya jikoni, na gundi ya uji wa unga. Kwa zawadi za likizo, tununue mikasi midogo mizuri, penseli laini na rangi za maji, vitu ambavyo havimwamulii mtoto la kufanya. Kisha tuwaombe dada na shangazi zetu walichagulie gari la dumu rafu yake sebuleni, nasi tufanye vivyo hivyo huku, hata kama wageni watauliza.