Tushuke Basini, Tuzitembee Nyanda za Juu kwa Miguu

Ndugu msomaji, huenda umekwisha kuipita barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, ama kwa likizo, ama kwa msiba, ama kwa kumpeleka mtoto shule. Basi hupanda Kitonga kwa kunguruma, hupita Iringa, Mafinga na Makambako, na baada ya kilomita 800 na zaidi hukushusha Mbeya ukiwa umechoka. Milima yote uliiona dirishani. Karibu na Uyole mtoto aliyekuwa ubavuni pako akakuuliza, "Baba, milima ile inaitwaje?" Nawe ukamjibu, "Ni milima tu, lala."

Jibu hilo nimewahi kulitoa mimi mwenyewe. Aibu yake ndiyo iliyonifanya, katika likizo iliyofuata, nimchukue binti yangu wa miaka kumi, tukarudi njia ile ile, safari hii tukiwa tumevaa viatu vya kutembelea. Nimerejea na neno moja la kukuambia: njia za miguu za Nyanda za Juu Kusini hazikuwekwa kwa ajili ya watalii wa kigeni peke yao. Ni zetu, na kuzitembea hakuhitaji utajiri. Lakini tusipozitembea, tutapotewa na njia hizo pamoja na elimu iliyomo ndani yake.

Tuanze Iringa. Juu ya mji huo lipo jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, maana yake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Ukitoka mjini alfajiri kwa miguu, jua litakukuta juu yake, nawe utauona mji wote na bonde la Ruaha Mdogo likiwa bado limefunikwa na ukungu. Wazee husimulia kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akija hapo kutafakari mambo ya nchi yake.

Mkwawa mwenyewe anatufundisha thamani ya kijia. Tarehe 17 Agosti, 1891, majeshi yake yaliwashinda Wajerumani pale Lugalo. Wajerumani walirudi na mizinga, na mwezi Oktoba, 1894 ngome yake ya Kalenga ikaanguka. Yeye hakuanguka nayo. Kwa karibu miaka minne mingine alipita katika misitu na mabonde, akilishwa na kufichwa na watu wake, mpaka tarehe 19 Julai, 1898, alipojiua huko Mlambalasi kuliko kukamatwa. Adui alikuwa na silaha kubwa zaidi, lakini hakuzijua njia kama wenyeji walivyozijua. Kalenga si mbali na Iringa mjini, na katika makumbusho yake limehifadhiwa fuvu la shujaa huyo, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Kiasi cha kilomita 20 kutoka Iringa, kwa barabara ya Mbeya, ipo Isimila. Kijia kinashuka korongoni, katikati ya nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Mwaka 1951 zilionekana hapo zana za mawe, na mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba na kupata nyingine nyingi. Inakadiriwa kwamba zana hizo zina umri wa zaidi ya miaka laki mbili. Binti yangu alitazama jiwe lililochongwa kama shoka, akauliza kama aliyelitengeneza alikuwa mtu wa Iringa. Nilimjibu kwamba alikuwa mwenyeji kabla ya wenyeji wote.

Kutoka hapo tuliendelea hadi Mbeya. Jiji lenyewe liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na limelala miguuni pa mlima Loleza wenye zaidi ya mita 2,600. Ng'ambo yake kipo Kilele cha Mbeya, chenye zaidi ya mita 2,800. Hiyo ni milima ya mtu mwenye pumzi na siku nzima. Mwenye mtoto naanza kumshauri ziwa Ngozi.

Panda gari liendalo Tukuyu, ushuke Isongole. Kwanza utapita katika mashamba ya viazi, ambako utasalimiwa na kila unayekutana naye, nawe jifunze kuitikia "ndaga", maana asiyejibu salamu huko huhesabiwa kuwa hakulelewa. Kisha unaingia msituni. Njia inakuwa nyembamba na yenye utelezi, mianzi inakufunika, na mahali pengine unapanda kwa kushika mizizi. Halafu, bila kutazamia, ardhi inakwisha mbele yako. Chini kabisa, ndani ya shimo kubwa lililoachwa na volkano, limelala ziwa la maji ya kijani, lenye urefu wa kiasi cha kilomita mbili na nusu, wala huoni mto unaotoka ndani yake.

Aliyetuongoza ni mzee mmoja mkulima, mwenye fimbo na viatu vya mpira. Njiani alikuwa akimtajia binti yangu majina ya miti kwa lugha ya kwao: huu ni wa dawa ya tumbo, huu hufaa mpini wa jembe, huu usiuguse. Tulipoketi juu kula viazi vya kuchemsha, nilimwuliza kama wajukuu zake nao huja hapa.

"Wajukuu zangu wako Dar es Salaam, mwanangu," alisema. "Wanakuja Desemba. Wanakaa ndani na simu zao mpaka siku ya kuondoka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, babu, nipeleke ziwani. Wageni kutoka Ulaya ndio wanaonilipa niwaambie majina ya miti hii."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu mwaka uliotangulia mwanangu alikuwa mmoja wa watoto wa namna hiyo, na kosa halikuwa lake.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba elimu ya mzee yule ni ndogo. Mlima Rungwe, ambao uko jirani na hapo na una kiasi cha mita 2,960, una nyani aitwaye kipunji. Watafiti walimpata mwaka 2003, baada ya kuwasikiliza wawindaji wa vijiji vya huko wakimtaja. Mwaka 2004 watafiti wengine walimwona katika msitu wa Ndundulu, kwenye safu ya Udzungwa. Dunia ilitangaziwa habari zake mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jina la kisayansi linaloanza na Rungwe. Wataalamu walistaajabu, lakini watu wa vijia vile walikuwa na jina lake siku nyingi.

Wenzetu wa Uingereza wanajua kwamba njia ya miguu ni jambo la kupigania. Tarehe 24 Aprili, 1932, mamia ya watu, wengi wao wakiwa wafanyakazi vijana wa Manchester, walipanda mlima Kinder Scout, ambao mabwana ardhi walikuwa wameufunga ili wawinde ndege. Baadhi yao walifungwa jela. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria iliyoagiza njia za miguu za vijijini ziandikwe katika ramani, na leo kibarua wa huko anaweza kukatiza shamba la tajiri bila kuomba radhi, mradi afuate kijia. Sisi ardhi yetu ni mali ya umma. Hatukuzuiwa na bwana yeyote kuijua milima yetu, ila tumejizuia wenyewe.

Kama umenielewa na unataka kwenda, zingatia haya machache. Nenda kati ya Juni na Oktoba, wakati njia ni kavu, lakini chukua sweta nzito, kwani baridi ya Juni na Julai si ya mchezo. Ukitaka kuona maua ya Kitulo, yaani Bustani ya Mungu, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, itabidi uende wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na ukubali kulowa. Usichume hata ua moja. Mizizi ya maua ya huko imechimbwa sana na kuvushwa hadi Zambia kuwa chakula kiitwacho chikanda, na mmea uliong'olewa mzizi hauchipui tena. Pitia kwanza ofisi ya hifadhi au ya kijiji, utoe kiingilio kinachotakiwa. Mchukue mwenyeji akuongoze, umlipe kwa haki bila kumpunja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wala usikate njia za mkato mlimani, kwa kuwa maji ya mvua huzifuata na kuzigeuza makorongo.

Tuliporudi, basi lilipoiacha Uyole, abiria mmoja mama aliyekaa karibu nasi alinyosha mkono kulia, akauliza kama ile ndiyo milima ya Rungwe. Kabla sijafumbua kinywa binti yangu alimjibu, "Hapana, shikamoo mama, ile ni Poroto. Rungwe iko nyuma yake, na Ngozi iko huko huko. Tulifika."

Likizo ijayo, ndugu msomaji, usimwambie mwanao alale. Shuka naye.