Siku 10, Siku 3, Siku 1

Ndugu zangu wa Bukavu,

Wengi wenu mmelala kilio pale kwetu Kadutu, mkamsindikiza mzee wetu hadi kwenye migomba ya ukoo kule Kabare. Mungu awalipe. Mimi nilifuata yote kwenye simu, kuanzia misa hadi udongo wa mwisho. Hati yangu ya kusafiria ni ya mkimbizi: inaniruhusu kwenda nchi zote isipokuwa ile niliyozaliwa. Na hata ningekuwa na hati nyingine, ndege za abiria zilikuwa hazitui tena Kavumu tangu waasi wa M23 walipouteka uwanja Februari 2025. Mabenki ya mji nayo yalikuwa yamefunga milango, ikabidi hata mchango wa jeneza tuupitishe kwenye simu, kidogo kidogo, kwa majina ya watu mbalimbali.

Hapa Bruxelles, nilipotoa habari kazini, nilipewa karatasi ya kujaza: marehemu ni nani wako? Sheria ya Ubelgiji inampa mfanyakazi siku 10 akifiwa na mume, mke au mtoto. Akifiwa na baba au mama, siku 3. Akifiwa na babu au nyanya, siku 1, au 2 kama walikuwa wakiishi nyumba moja. Ni sheria yenye huruma kuliko nyingi, na mkubwa wangu wa kazi aliniongezea mapumziko bila mimi kuomba. Lakini karatasi ile niliishika muda mrefu. Mzee yule yule, kwa Mama ni siku 10, kwangu ni 3, kwa wanangu ni 1.

Wenzangu wa hapa, wakisikia mtu amefia Bukavu, huuliza kwanza: aliuawa? Hapana. Alikufa kitandani mwake, kwa uzee, Mama akimkanda miguu. Siwalaumu, kwa maana mji wetu unajulikana duniani kwa miaka ya kuanguka kwake. 1967, Schramme na mamluki wake. 1996, mwaka aliouawa Askofu Mkuu Munzihirwa. 1998. 2004, askari waasi wa Nkunda na Mutebutsi. Na sasa 2025. Baba aliishi miaka hiyo yote palepale mjini au milimani juu yake, na hakuna hata mmoja alioutumia kuhesabu maisha yake. Ukimuuliza habari za 67 alijibu: "Njo mwaka nilionaka mama yenu." Mamluki walikuwa wameushikilia mji tangu Agosti hadi Novemba, watu wakakimbilia vijijini, na familia moja ya mjini ikapewa hifadhi jikoni kwa babu yetu, Kabare. Katika familia ile kulikuwa na msichana aliyekataa kula mpaka wadogo zake washibe. Hiyo ndiyo 1967 ya Baba. Juni 2004 ulikuwa mwezi ambao ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza uliahirishwa, na kanzu nyeupe ikakaa imekunjwa juu ya kabati ikingoja mitaa itulie. Ndivyo ninavyotaka akumbukwe.

Msichana yule wa 67 alikuja kuwa muuza maharagi kwenye soko la Kadutu. Jioni Baba akitoka kazini hakwenda kunywa kasiksi na wenzake. Alipitia sokoni, akafunga gunia lililobaki, akalipandisha mlima begani, Mama akimfuata mikono mitupu. Mnaujua mji wetu. Wabebaji ni wamama, kamba imepita kwenye paji la uso, mgongo umeinama chini ya mzigo unaowazidi uzito, na wanaume wanapita kando bila kugeuka. Mwanaume kubeba mzigo wa bibi yake, mchana kweupe, ilikuwa aibu. Wakasema amelishwa dawa. Baba alikuwa akitua gunia mbele yao, anawasalimu kila mmoja kwa jina lake, anawauliza habari za bibi zao, kisha anajitwika tena na kuendelea. Sikuwahi kumsikia akibishana nao. Na maji ya bomba yalipokatika, jambo ambalo Kadutu si habari, alishuka chemchemini kabla hakujapambazuka, akarudi na bidoni mbili, ndipo akaenda kazini. Juzi kwenye simu Mama aliniambia: "Alikuwa anaona nimechoka mbele mimi mwenyewe nijue." Kisha akanyamaza, na mimi nikakosa la kumwambia. Siku 10, jamani, kwa mwanamke huyu?

Siku zangu 3 zina ladha yake. Baba alikuwa kibarua, baadaye nyapara, kwenye mashamba ya kinini ya Pharmakina. Kazi yao ilikuwa kubandua maganda ya mti, ya shina na ya mizizi, kuyakausha na kuyapeleka kiwandani. Vumbi la maganda yale huingia kwenye nyufa za vidole, na sabuni haliijali. Sasa Baba alikuwa na desturi ya kumlisha mtoto mdogo tonge la kwanza. Alikata bugali, akaubonyeza kwa dole gumba, akatia sambaza mmoja kwenye kile kishimo, akakuwekea kinywani kwa mkono wake. Lilikuwa tonge chungu! Si sana, uchungu ulibaki pembeni mwa ulimi, baada ya samaki. Tukikunja uso alicheka na kusema malaria haitatuona. Iliona, mara nyingi, lakini tonge hatukulikataa. Mdogo wetu wa mwisho, siku Mama alipomlisha yeye, alilitema na kulia, kwa sababu halikuwa na uchungu.

Alitusomesha sote, wasichana pamoja na wavulana, katika miaka ile ya 1990 ambapo serikali ilikuwa hailipi walimu na wazazi wakawalipa kutoka mifukoni mwao. Alifanyaje, sijui mpaka leo.

Wanangu hawakumwona ana kwa ana. Kwao alikuwa Koko, sauti ya Jumapili mchana. Binti yangu alipopewa kazi ya shule juu ya malaria, alisoma kwamba mti wa kinini asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na kwamba mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Java, kisiwa kilichokuwa kikitoa sehemu kubwa ya kinini ya dunia, watu wakaanza kuitafuta kwingineko, hata kwetu Kongo. Akampigia Koko kumpa habari hizo. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru, ndipo akaanza somo lake. Kuna mti wenye mizizi imara lakini ganda lake halina nguvu, akamwambia, na kuna mwingine wenye ganda kali lakini mizizi yake ni dhaifu. Unachukua kijiti cha huu wa pili, unakichonga ncha, unakibebesha juu ya shina la ule wa kwanza, unafunga, unangoja. Ukifunga kwa haraka kinakauka. Binti akamuuliza: unajuaje kama vimeshikana? Koko akajibu kwamba unajua ukiona jani jipya, na kabla ya hapo usifungue kuchungulia. Lile somo alilifundisha darasani Bruxelles, kwa Kifaransa, akichora ubaoni. Hiyo siku 1 ya wajukuu hawakuipata hata hivyo, walikwenda shule.

Ndugu zangu, siku ya kutoa kilio inakaribia. Sisi wa huku tutakodi ukumbi, tutapika, na wale jirani zetu wa Matonge, ambao wengi wanaongea Kilingala, wameshaahidi kuja na wimbo wao. Ninaomba kitu kwa yeyote aliyefanya naye kazi shambani, aliyeuza karibu na Mama sokoni, hata wale waliokuwa wakimcheka njiani. Chukueni simu, mseme, mnitumie. Mtu aniambie alikuwa akiimba nini wakati wa kubandua. Mtu aniambie kama ni kweli alikuwa akiramba ganda kujua ukali wake, maana Mama anasema ndiyo, shangazi anakataa. Za vita msinitumie, hizo ninazo.