Wiki Moja Kunduchi

Jumatatu alikuja na daftari, kijana wa miaka 21 kutoka Marekani, anataka nimfundishe Kiswahili cha kuhubiria. Nikamwambia, bwana, tuanze na salamu. Jumanne tukashuka ufukweni kwa wavuvi. Akamwamkia mtoto "shikamoo", watu wakaangua kicheko, naye akacheka kuwashinda.

Alhamisi jirani yangu alifiwa na mwanawe mchanga. Kijana akaniuliza aseme nini. Nikamkumbuka Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Sikumsimulia. Si habari ya kumpa mtu aliye mbali na mama yake. Nikamwambia: sema poleni, halafu kaa.

Wafiwa ni Waislamu, na kusema kweli niliogopa atachomoa vile vijitabu vyake. Hakuchomoa. Alikaa jamvini na wanaume mpaka alasiri, kimya, miguu imemfa ganzi.

Jumapili jioni hakutokea darasani. Nilimkuta kwa jirani, anakunja turubai na vijana wa mtaani. Daftari hakuwa nalo.