Mjomba Alikata Mstari wa Tatu

Kipeperushi cha kampeni ya mjomba nilikiandika mimi. Sikulipwa. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya mwaka 2022 bila kuuliza pesa zitaingia lini, na ndiyo iliyorudi ikiwa imekatwa kwa kalamu nyekundu.

Ilikuwa mistari mitano. Wa tatu ulisema: "Hakuna mtoto wa wadi hii atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo." Niliuandika kwenye simu nikiwa ndani ya matatu kutoka Likoni, na tulipofika Kombani nilikuwa nimeusoma mara kumi, nikiuona kwenye fulana, kwenye mabango, kwenye midomo ya akina mama. Mjomba aliukata mara moja, mstari mnyoofu, kama afutavyo kosa kwenye kumbukumbu za mkutano wa bodi. Pembeni akaandika: "Si kazi ya MCA."

Mjomba ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya upili ya kutwa hapa Matuga. Jina la shule nitaliacha, na la wadi pia. Matuga ina wadi tano tu, Tsimba Golini, Waa, Tiwi, Kubo Kusini na Mkongani, na watu hawakawii kujuana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka kila bodi iwe na wawakilishi sita wa wazazi au jamii, pamoja na wa walimu, wa mfadhili na wengineo. Yeye aliingia kupitia wazazi.

Zamani nilidhani bodi ya shule ni watu wa suti wanaokula biskuti. Kwa mjomba ilikuwa kuhesabu magunia ya maharagwe. Tangu 2018 serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa upili wa kutwa. Chakula cha mchana hakimo humo, na hela zenyewe zikichelewa, shule inaanza kukopa. Basi mtoto anaambiwa akamlete mzazi. Mzazi, kabla hajafika shuleni, anapitia kwa mjomba.

Alikuwa na daftari. Jina la mtoto, kidato, deni, halafu safu ya mwisho ameandika kilichotokea: "kuku wawili." "Babake karudi baharini." "Nimeongea na mwalimu mkuu, wiki mbili." Hakuna mahali pameandikwa "nimeahidi."

Mimi pia nimo kwenye daftari la namna hiyo. Nilipoitwa chuo kikuu, mjomba ndiye aliyesimamia harambee yangu. Mkeka chini ya mwembe, sahani katikati, yeye anasoma majina na kiasi, mia mbili kwa mia mbili. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu hakuna aliyenidai. Kwetu deni la aina hiyo halidaiwi kwa maneno. Watu wanakusalimia vizuri kuliko zamani, ndivyo unavyojua.

Mjomba mwenyewe aliishia kidato cha nne. Kila alipoambiwa asimame, alikuwa na jibu tayari: sheria inaelekea kudai digrii kwa MCA. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba takwa hilo linakwenda kinyume na Katiba. Jioni ile alinipigia simu.

"Mwanangu, wamefungua mlango."

"Wametufungulia sote wawili, mjomba," nikasema, nikacheka.

Hakucheka. Akasema, "Mimi sikuwahi kuingia. Wewe ulitoka." Halafu akaniuliza kama nitamwandikia maneno ya kampeni.

Aliamua kusimama kama mgombea huru. Hapo kulikuwa na kichekesho kwanza: mwaka ule Wakenya wengi walichungulia eCitizen wakajikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvikanyagia, na mjomba alikuwa mmoja wao. Ilibidi ajiondoe kwenye chama asichokijua. Halafu zikaja sahihi. Katiba inataka 500 za wapiga kura wa wadi. Alizikusanya kwa miguu na kwa boda, mlango kwa mlango, na zilitimia kwa sababu ya lile daftari. Kila nyumba aliyobisha alijua jina la mtoto.

Tulikorofishana kwa ajili ya mstari wa tatu usiku mmoja barazani kwake. Alikuwa na nakala ya Katiba iliyochakaa, akanifungulia Jedwali la Nne. Shule za msingi na za upili ni za serikali kuu. Kaunti imepewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto.

"Na basari?" nikamuuliza. "Si kaunti inatoa? Si kuna Elimu ni Sasa?"

"Ipo, na imesomesha watoto wengi. Lakini mimi MCA naweza kuapa kwamba itamfikia kila mmoja?"

"Mjomba, wenzako wanaahidi mpaka chuo kikuu."

"Wenzangu hawakutani na hao wazazi Jumatatu."

Nilijua ana haki. Nilijua pia kwamba atashindwa. Kazi yangu ni maneno. Nimeshaandikia maduka ya simu, hoteli za Diani, hata dawa ya nguvu za kiume. Najua sentensi inayouza ikipita mbele yangu. Kesho yake nilikwenda saiba moja Ukunda na kuchapisha nakala 300 za kipeperushi cha kwanza, ule mstari ukiwemo. Nikawapa vijana wa boda wavigawe. Nilijiambia namsaidia. Ukweli ni kwamba nilitaka ashinde kwa maneno yangu, ili pale kijijini nihesabike kuwa nimeleta kitu.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi tulifanya mkutano chini ya mkorosho. Watu hawakuwa wengi. Mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni, karatasi mkononi. Niliitambua karatasi kabla hajaifungua. Akausoma mstari wa tatu kwa sauti, polepole, neno kwa neno.

"Hapa umesema hivi," akasema. "Wangu yuko nyumbani tangu muhula uliopita. Nataka kujua ni mwezi gani utamrudisha."

Mjomba akaiomba ile karatasi. Akaisoma yote, mpaka chini, kama vile hajawahi kuiona. Hakunitazama. Mpaka leo natamani angenitazama.

"Mama," akasema, "haya maneno yameandikwa kwa ajili yangu, lakini si yangu. Nikishinda nitapigania hela ya basari iongezwe, na kila itakayefika hapa orodha nitaibandika dukani, majina na kiasi, kila mtu aone. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Mtu mmoja akapiga makofi, akaacha. Mama akakaa chini. Nyuma, kijana akasema, "Kumbe hata hajashinda, ashaanza kuruka ahadi." Watu wakacheka. Hilo ndilo neno lililosafiri, si lile la orodha. Kabla ya magharibi lilikuwa limefika kila maskani: mzee wa bodi aliahidi karo, akaikana mchana kweupe. Ukweli wake, ambao ndio ulikuwa mali yake yote, mimi niliugeuza ukaonekana uongo.

Tarehe 9 Agosti 2022 tulipewa karatasi sita za kura. Kwale ilimchagua Fatuma Achani, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa kaunti yetu, na watu walishangilia mpaka usiku. Kwenye karatasi ya MCA, mjomba hakuwa hata karibu.

Mwishoni mwa 2024 alipofariki Jimmy Carter, nilipata kazi ya haraka ya kuandika wasifu wake mfupi. Ndipo nilipojua kwamba siasa zake zilianzia kwenye bodi ya shule za Kaunti ya Sumter, jimbo la Georgia, miaka ya 1950, wakati watoto weusi na weupe walikuwa wakisoma mbali mbali. Mwaka 1962 aligombea Seneti ya jimbo. Hesabu ya kwanza ilionyesha ameshindwa, kisha ikabainika kura zilichezewa katika kaunti moja, akapinga matokeo na kukipata kiti. Miaka kumi na mitano baadaye akaingia White House. Nilimsimulia mjomba, nikidhani itamfariji. Akasikiliza hadi mwisho.

"Yeye aliibiwa kura," akasema. "Mimi sikuibiwa."

Hilo ndilo nililokosa la kujibu. Mwizi unaweza kumshtaki. Mimi nilikuwa upande wake.

Miezi michache baada ya uchaguzi ndipo nilipokiri kuhusu saiba ya Ukunda. Alikuwa anajua tangu siku ile ya mkorosho. "Zimebaki ngapi?" akauliza. Nilikuwa na mia na ushee chini ya kitanda. "Zilete. Nyuma ni peupe." Akazipeleka shuleni. Watoto wakafanyia hesabu nyuma ya ahadi yangu hadi zikaisha.

Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu kabla ya kutoa basari, kwa sababu ileile iliyomo kwenye Jedwali la Nne. Magavana wakapinga, mvutano ukafika mahakamani. Huku kwetu wazazi walichojua ni kwamba basari imekwama. Barazani kwa mjomba palijaa tena, na yeye hata si mheshimiwa. Nilimkuta akiandika kwenye daftari. Yule mama wa mkorosho alikuwepo pia. Mwanawe alikuwa amerudi shule, muhula mmoja nyuma ya wenzake; kwenye safu ya mwisho mjomba alikuwa ameandika, "mamake kauza mbuzi."

Hakuna aliyemwombea mjomba kura siku ile. Lakini alipoinuka kunisindikiza aliniambia uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, kama vile ananikumbusha arusi.

"Utaniandikia?"

"Bado unaniamini, mjomba?"

"Nakuuliza kama utaandika."

Nimeandika. Ni mistari mitano tena. Wa kwanza ni chekechea, wa pili ni chuo cha ufundi. Wa tatu unasema: "Kila basari itakayofika wadi hii, majina na kiasi vitabandikwa dukani." Hauimbiki. Hautoshi kwenye fulana. Nimeusoma mara kumi nikitafuta pa kuutia chumvi, na kila mara naiona ile karatasi mkononi mwa yule mama.

Leo nampelekea, pamoja na kalamu nyekundu.