Safari ya Mtoto na Idhini ya Mzazi Aliyebaki

Likizo ya Desemba inapokaribia, kamati ya msikiti wetu hapa Kigera, Musoma, huanza kupokea ombi la aina moja. Mama, na mara chache baba, huja baada ya swala ya Alasiri kuomba barua yenye muhuri wa msikiti, imtambulishe yeye na watoto wake, kwa kuwa anakusudia kuvuka mpaka wa Sirari kwenda kwa ndugu Migori, Kisumu au Nairobi. Siku hizi wapo pia waendao mbali zaidi, Muscat na Dubai, ambako mmoja wa wazazi amepata kazi. Tukiuliza iwapo mwenzake anajua, jibu huwa lile lile: "Anajua, katibu, tumeshaongea kwenye simu."

Barua hiyo hatuiandiki mpaka tumsikie mzazi wa pili. Wapo waumini wanaotuona wagumu, na baadhi yao wamenuna, hivyo tumeona ni vyema tueleze.

Hatusemi kwamba ni aibu mtoto kusafiri na mzazi mmoja. Suala la mwanamke na maharimu wake safarini lina mlango wake katika fiqhi, nasi leo hatutaufungua. Tunachokumbuka ni kisa cha Bi Ummu Salama (radhi za Allah ziwe juu yake), kama wanavyokisimulia waandishi wa Sira. Alipotaka kuhajiri kwenda Madina na mumewe, Abu Salama, pamoja na mwana wao mdogo Salama, jamaa zake mwenyewe walimzuia asiondoke. Jamaa za mume nao wakaghadhibika, wakasema kama mnamzuia binti yenu, basi mtoto wetu hatumwachi kwake. Wakamvutana yule mtoto baina yao hadi mkono wake ukateguka. Baba alikwenda zake Madina, mtoto akachukuliwa na upande wa baba, mama akabaki na upande wake. Kwa muda wa karibu mwaka mzima mama huyo alikuwa akitoka kila siku, akiketi mahali paitwapo Abtah na kulia mpaka jioni. Ndipo jamaa zake walipolainika wakamruhusu amfuate mumewe, na wale wa upande wa pili wakamrudishia mwanawe. Akampakata juu ya ngamia wake, akashika njia ya Madina peke yake, mpaka alipofika Tan'im akakutana na Uthman bin Talha, ambaye siku hizo hakuwa bado amesilimu, naye akamsindikiza kwa heshima kubwa hadi Quba.

Basi mama kusafiri na mwanawe akiwa mbali na baba si jambo geni katika Uislamu. Lakini safari hiyo ilifanyika baada ya kila mwenye sauti juu ya mtoto kuridhia, na kabla ya kuridhiana kwao aliyeumia mkono alikuwa mtoto.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, wanazuoni wametenganisha safari mbili, na Imam Nawawi ameziweka bayana katika Minhaj. Iwapo wazazi waliotengana wanagombea mtoto, na mmoja wao anasafiri kwa haja yake kisha arejee, mtoto hubaki na yule mkaazi mpaka msafiri arudi. Ikiwa safari ni ya kuhama, baba ndiye mwenye haki zaidi, kwa sharti kwamba njia ni ya amani na mji uendewao ni wa amani. Tunajua akina mama watakunja uso wakisoma sentensi hiyo ya pili. Wanazuoni waliangalia kuhifadhiwa kwa nasaba ya mtoto. Lakini baba yeyote asiukate ukurasa huu akaenda nao kumnyakua mtoto shuleni, kwani hiyo ni hukumu ya kutolewa na kadhi, haichukuliwi kwa mkono. Sayyidna Umar (radhi za Allah ziwe juu yake) alimkuta Quba mwanawe Asim, aliyemzaa na mke waliyekwishaachana, akamshika mkono na kumweka mbele yake juu ya mnyama wake. Bibi wa mtoto, mzaa mama, akamfuata wakagombana, na shauri likafika kwa Khalifa Abu Bakr. Khalifa akaamuru amwachie, naye Umar hakujibu neno. Kama Umar alihukumiwa akanyamaza, sisi ni nani?

Mgawanyo huu wa safari ya haja na safari ya kuhama ndio tunaotaka familia ziuzingatie, kwa sababu magomvi yanayofikishwa kwetu huzaliwa hapo. Mtoto huondoka kwa jina la safari ya kwanza, akaishia katika ya pili. Katika jamaa yetu yupo mama ambaye mumewe aliwachukua watoto wawili kuwapeleka ng'ambo ya mpaka kumsalimia bibi yao kwa wiki mbili. Mwanzo wa muhula alipigiwa simu akaambiwa wameshaandikishwa shule huko, na nguo zao zilizobaki azitume kwa basi. Aliridhia wiki mbili. Hakuna aliyemuuliza kuhusu miaka.

Akitaka kudai, njia yake ni ndefu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni bora awe na mama yake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali mikononi mwa aliyekabidhiwa malezi yake. Mahakama inaweza hata kuzuia mtoto asitolewe nchini. Haya yote, hata hivyo, yana nguvu zaidi mtoto akiwa bado yuko upande huu. Upo mkataba wa kimataifa wa Hague wa mwaka 1980, unaozitaka nchi wanachama zimrejeshe haraka mtoto aliyevushwa bila haki. Tanzania haimo, Kenya haimo, na Oman haimo. Mzazi aliyeachwa Musoma hulazimika kufungua shauri upya ugenini, kwa sheria za huko na kwa mawakili wa huko.

Ndiyo maana serikali huwa kali mapema. Mtoto aliye chini ya miaka 18 huombewa pasipoti kwa cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi au mlezi wa kisheria. Afrika Kusini, kuanzia Juni 2015, ilidai hati ya kiapo ya mzazi asiyesafiri, kabla ya kulegeza masharti kwa wageni miaka michache baadaye. Wapo wanaoyaita haya mambo ya kizungu. Tunawaomba warejee Surat al-Baqara, aya ya 233, ambapo hata kumwachisha mtoto ziwa kumewekewa sharti la wazazi kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa lina mashauriano, itakuwaje kuvuka mpaka?

Kwa hiyo mtu akija kwetu, tunampigia mzazi wa pili mbele ya wajumbe wawili, kisha tunamshauri aandike barua yake mwenyewe na kuithibitisha kwa wakili. Iwataje watoto kwa majina yaliyo katika vyeti vyao, mahali waendako na watakayefikia kwake, tarehe ya kwenda na ya kurudi, na iseme waziwazi kama ni matembezi au ni kuhama. Barua ya msikiti huifuata hiyo, haiitangulii. Mtoto aliyekwisha pambanukiwa, wa miaka 7 hivi na kuendelea, naye aambiwe anakokwenda na lini atarudi, asije akayajua akiwa ndani ya basi.

Mjane abebe cheti cha kifo cha mumewe. Aliyepewa malezi na mahakama abebe nakala ya hukumu. Na yule ambaye mwenzake hajulikani aliko miaka mingi, huyo hatumfukuzi. Tunamsindikiza hadi kwa afisa ustawi wa jamii, na ikibidi mahakamani, aende na mapema, walau miezi miwili kabla ya likizo.