Usiite Mwizi

Kisauni, Mombasa

Mwanangu Zuhura,

Huku sisi wazima, ila bibi yako bado analalamikia magoti. Mamako ameniambia umepata kazi ya ulinzi kwenye supamaketi huko Nairobi, tena ndani ya duka, si getini. Hongera. Uliponiuliza kwenye simu wezi hujulikanaje nilikwambia nitakuandikia, maana hayo si ya kusema huku salio linakatika.

Usianze na nguo zao. Walinzi wapya humwandama mama wa buibui na kijana wa ndala, mwenye tai akapita akipigiwa saluti. Tazama macho. Mnunuzi hutazama bei. Huigeuza bidhaa, huirudisha, huchukua ile ya bei nafuu. Aliyekuja kuiba hutazama watu na kamera, na mkono wake hauchagui. Pitapita sana kwenye vitu vidogo vya bei kubwa ambavyo jioni vitapata mnunuzi mtaani: maziwa ya watoto ya kopo, nyembe, marashi, chokoleti. Usitegemee vile vibandiko vya king'ora, kwani wapo wanaoingia na mkoba uliotandikwa foili ndani, na mashine ya mlangoni ikanyamaza. Kwenye kaunta, sufuria yenye kifuniko ifunuliwe. Kwenye mizani, angalia vitunguu saumu visipimwe kwa bei ya viazi.

Ukimshuku mtu, msogelee umsalimie. "Karibu dada, nikuletee kikapu?" Mwenye nia safi atashukuru. Yule mwingine atajua ameonekana, atazunguka kidogo, na kopo utalikuta limeachwa katikati ya sabuni. Kazi imekwisha hapo. Kuna mameneja wanaosifu walinzi kwa idadi ya waliokamatwa. Mimi naona ni upuuzi, kwa sababu mali iliyobaki rafuni haina kesi wala shahidi.

Kuna siku itabidi umshike mtu. Subiri apite kaunta bila kulipa, na uwe umemwona mwenyewe akichukua, si kwamba umeambiwa na mpanga rafu. Sheria ya Kenya inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kama hilo mbele ya macho yake, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Haikupi ruhusa ya kumfungia stoo, kumpiga kofi, wala kumlipisha mara kumi ya bei. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, mbele ya shahidi. Tangu umshike hadi polisi wamchukue, mtu huyo ni amana yako.

Na usiite "Mwizi!" Hata akikuponyoka, hata akiwa na kreti nzima. Duka moja nililofanyia kazi lilikuwa na steji ya bodaboda mbele ya lango. Mwenzangu wa zamu alipaza sauti hiyo kijana alipotimka, na kabla hatujafika barabarani walikuwa wameshamlaza chini, mmoja ameshika mnyororo wa pikipiki. Tulimvuta kwa mikono na miguu tukamrudisha ndani, tukateremsha shata, wao wakaigonga kwa mawe mpaka gari la polisi likafika. Shati lilikuwa limechanika mgongo mzima. Mfukoni alikuwa na chokoleti mbili. Wizi wa kawaida, kwa Kanuni ya Adhabu, mwisho wake ni kifungo cha miaka 3, na ni hakimu anayekitoa. Akitoka mbio, mwache. Andika saa, mavazi, alichochukua.

Watakuambia pia umpige picha ameshika alichoiba, irushwe kwenye vikundi vya WhatsApp. Kataa. Sura ya mtu ni data yake, na tangu 2019 tuna sheria ya kuilinda. Isitoshe, hajahukumiwa na yeyote.

Sasa nikwambie wasilopenda kulisema mameneja: usiangalie mbele tu. Ukitaka kujua mali nyingi inapopitia, omba zamu ya kupokea mizigo. Hati inasema kreti 40 za mkate, mpokeaji anasaini, zimeshushwa 37. Maboksi ya kutupwa yanatoka na unga ndani; yakanyage moja moja kabla hayajatoka. Keshia anafunika alama ya bei kwa kiganja, bidhaa ya shemeji yake inapita mashine isilie. Mfanyakazi anayemwibia mwajiri anaweza kufungwa hadi miaka 7, na bado hao ndio watakaokukaribisha chai. Kunywa chai, hesabu kreti.

Hesabu ya mwezi ikipungua, watataka kuwakata walinzi mshahara. Usisaini chochote siku hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu makato kwa hasara ambayo mfanyakazi ameisababisha kwa kusudi, si kwa sababu tu alikuwa zamu. Waombe wakuonyeshe kosa lako kwa maandishi, uende nayo kwa afisa wa kazi.

Viatu vyako vya kazi, namba 39, soli ya mpira, nimempa dereva wa basi la usiku. Vivae nyumbani siku mbili tatu kwanza, zamu ya saa kumi na mbili haina pa kukaa. Nipigie ukivipata.

Mamako mdogo,
Rehema