Jirani wa Ukuta Mmoja



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunawaombea wagonjwa, wasafiri, marehemu na watoto walio kwenye mitihani. Ni nadra kusikia mtu akitoa nia ya kumwombea jirani wa chumba cha pili aliyemnyima usingizi tangu Jumatatu. Lakini ukikaa na waumini baada ya Misa, wale wanaoishi nyumba za kupanga, utasikia kwamba hili ni moja ya mambo yanayowachosha kuliko mengi tunayoyahubiri. Ndiyo maana tumeona tuliandikie.

Sisi tumekulia katika nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam, upande wa Mbagala: mama yetu, watoto watatu, vyumba viwili. Ni nyumba ambayo kila mkazi wa jiji lile anaijua. Kuna korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uwani kuna bomba, choo na mahali pa kupikia. Nyumba haina dari. Kuta za vyumba zinaishia chini ya kenchi, na bati moja linatufunika wote. Kwa hiyo sauti haina haja ya kupenya ukuta; inapanda juu na kushukia upande wa pili. Tunajua nani anakohoa, nani amepigiwa simu kutoka kijijini, na ni nani hajalipa umeme.

Mtu asiyewahi kupanga huuliza, "Kwa nini msihame?" Kodi hulipwa miezi sita kwa mkupuo, wengine hudaiwa mwaka mzima. Ukihama, dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja. Aliyelipa Januari hawezi kuondoka Machi kwa sababu ya muziki. Kwa hiyo swali la mpangaji ni namna ya kuishi papo hapo, na mtu yuleyule, chini ya bati lilelile.

Sisi tunaosoma falsafa tumegundua kwamba hata wale tunaowasoma darasani walikuwa wapangaji wenye majirani. Immanuel Kant, akiwa amepanga Königsberg, alisumbuliwa na jogoo wa jirani. Akataka kumnunua, mwenye jogoo akakataa, na Kant akahama. Arthur Schopenhauer naye alikuwa mpangaji Berlin mwaka 1821. Mshonaji mmoja, Caroline Marquet, alikuwa na mazoea ya kuzungumza na wenzake kwenye sebule iliyokuwa mbele ya chumba chake. Siku moja Schopenhauer akamtoa kwa nguvu, mama yule akaanguka, na kesi ikafunguliwa. Ilichukua miaka mingi, na mwishowe mahakama ikamwamuru mwanafalsafa amlipe taleri 60 kila mwaka maisha yake yote. Alimlipa kwa miaka mingi.

Mmoja alihama, mwingine alisukuma. Mama yetu hakuwa na fedha za kufanya la kwanza wala moyo wa kufanya la pili. Njia iliyobaki ndiyo tunayotaka kuieleza.

Kwanza, si kila sauti ya usiku ni kelele. Katika Injili ya Luka, sura ya 11, Yesu anasimulia habari za mtu anayegonga mlango wa rafiki yake usiku wa manane akiomba mikate. Mwenye nyumba yuko kitandani pamoja na watoto wake, mlango umefungwa, hataki kuamka. Tunajua mfano huo unafundisha juu ya sala. Lakini mpangaji akiusoma anaiona nyumba yake: chumba kimoja, watoto wamelala, anayegonga anaamsha wote. Na bado mlango unafunguliwa, kwa sababu anayegonga ana shida. Uswahilini sheria hiyo haijaandikwa popote, lakini kila mtu anaijua. Mtoto mchanga akilia usiku kucha, hakuna anayenung'unika. Kukiwa na msiba, watu wataimba na kulia mpaka asubuhi, na majirani watatoa mikeka na viti vyao. Mwanamke akipiga kelele za kuomba msaada, watu hutoka na tochi. Kelele tunayoizungumzia hapa ni ile ambayo mtu angeweza kuipunguza bila kupoteza chochote cha maana.

Chumba cha mwisho wa korido yetu alihamia kijana wa bodaboda mwenye sabufa. Alikuwa akirudi saa sita usiku, anaegesha pikipiki koridoni, kisha singeli inaanza. Mama yetu huamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua; ndivyo vilivyotusomesha. Kati ya saa sita na saa kumi ndipo palipokuwa na usingizi wake wote.

Usiku wa kwanza, mmoja wetu alitaka kwenda kugonga. Mama akakataa. Alisema mtu aliye katikati ya muziki hasikii, na mtu aliyekatishwa usingizi hasemi vizuri. Mkikutana hao wawili, mnaanza ugomvi wa mwaka mzima. Tukasubiri. Keshokutwa yake, saa nane mchana, alimkuta kijana akiosha pikipiki uwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za kazi?"

Wakaongea kwanza habari za mafuta kupanda bei. Kisha mama akasema, "Mwanangu, sijaja kugombana. Muziki wako unanikuta kitandani, na saa kumi mimi naamka kukaanga vitumbua. Tusaidiane."

Kijana akasema, "Nimekuelewa mama, nisamehe." Wiki mbili tulilala. Wiki ya tatu sabufa ikarudi.

Hapa ndipo tulipoona faida ya Injili ya Mathayo, sura ya 18, pale Yesu anapoeleza namna ya kumwendea ndugu aliyekosa: kwanza wewe naye peke yenu, asiposikia uende na mmoja au wawili, asiposikia hao uliambie kanisa. Mara nyingi tunaisoma kama kanuni ya ndani ya Kanisa. Lakini ni utaratibu unaofaa hata koridoni, na wapangaji wengi hufanya kinyume chake. Huanza na mwenye nyumba, au mjumbe, au maneno ya mafumbo uwani wakati wa kufua, na jirani mwenyewe ndiye wa mwisho kuambiwa. Akisikia kwa mwenye nyumba kwamba umemsema, hatapunguza sauti, ataiongeza.

Kwa hiyo safari ya pili mama alikwenda na mzee wa chumba cha mbele, mpangaji wa siku nyingi kuliko wote, na mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Walikaa uwani Jumapili jioni, kwenye mkeka, na kijana akapewa nafasi ya kusema. Alisema akitoka barabarani kichwa bado kinavuma, bila muziki hapati usingizi. Akasema pia kwamba asubuhi anapolala, kinu kinatwangiwa chini ya dirisha lake. Hakuna aliyewahi kufikiri juu ya hilo, kwa sababu kila nyumba hutwanga, na asubuhi ni saa ya kazi. Mzee akauliza, "Sasa tufanyeje?"

Wakakubaliana mambo haya. Baada ya saa nne usiku sabufa inazimwa. Akitaka muziki, asikilize kwenye simu kwa sauti ya chini. Jumamosi anaruhusiwa mpaka saa sita. Sabufa inatolewa sakafuni ilipokuwa imeegemea ukuta na kuwekwa juu ya kipande cha godoro, kwa maana mdundo mzito hupita ukutani na sakafuni hata sauti ikiwa ndogo. Na kinu kinahamia upande wa bomba, kisitumike kabla ya saa tatu asubuhi.

Makubaliano hayo hayakuwa kamilifu. Kijana alisahau mara kadhaa. Lakini tangu siku ile mtu aliweza kusema kutoka koridoni, "Baba, leo umepitiwa," na sauti ikashuka. Kelele ambayo unaweza kumwambia mwenyewe, naye akakujibu, haina uzito sawa na ile ya mtu usiyemjua hata jina. Ya pili inakukera na kukutisha pia.

Jambo la tatu lilikuwa gumu zaidi. Ng'ambo ya barabara ilifunguliwa grosari, spika mbili zikielekea mtaani, mpaka saa nane usiku. Mdogo wetu alikuwa kidato cha nne, na mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia. Mama alikwenda kwa mwenye grosari kwa salamu zilezile, akajibiwa kwa upole kwamba biashara ni biashara. Mwenye nyumba wetu alisema anayeona kelele ahame.

Wapangaji wa nyumba nne wakaanza kuandika kwenye daftari: tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipozimwa. Baada ya wiki tatu walipeleka barua na daftari kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ndipo mmoja wa wanajumuiya wetu, mtu mwema kabisa, alipomwambia mama kwamba Mkristo havuti watu kwenye vyombo vya sheria kwa ajili ya usingizi. Mkristo huvumilia.

Maneno hayo yalitukaa. Tulipofika seminari tukakuta kwamba Mtakatifu Thomas wa Akwino alikwisha kulifikiria jambo hilo. Anafundisha kwamba mtu mwema huvumilia kwa saburi ubaya anaotendewa yeye mwenyewe, lakini si ubaya anaotendewa Mungu na jirani. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uiweke kwenye mtaa wako. Usingizi wetu tunaweza kuutoa kama sadaka. Usingizi wa mtoto mchanga wa chumba cha tatu si wetu kuutoa. Wala wa muuguzi anayetoka zamu ya usiku, wala wa mzee mwenye shinikizo la damu, wala wa mwanafunzi ambaye mwaka wake wote uko kwenye karatasi za Novemba. Tukinyamaza kwa niaba yao na kuita hiyo saburi, tunagawa mali ya watu.

Tena wanaoumizwa zaidi na kelele ni wale wasioweza kununua ukimya. Mwenye nafasi hujenga ukuta mnene, huweka dari na vioo, au huhama kama Kant. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unasema kelele za mfululizo katika chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri. Mazungumzo ya kawaida ni karibu 60. Sheria ya nchi yetu inalijua hilo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zenye viwango vya mchana na vya usiku, na mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, lilizifungia baa kadhaa kwa sababu ya kelele. Kudai haki hiyo kwa utaratibu, baada ya kumwendea mhusika uso kwa uso, si kukosa upendo. Upendo ndio unaopanga nani aambiwe kwanza.

Mwenyekiti alimwita mwenye grosari. Spika ziligeuzwa zikaangalia ndani, na siku za kazi muziki ukawa unazimwa saa tano. Mwisho wa wiki hali ni ileile mpaka leo. Mdogo wetu alimaliza kujisomea katika ukumbi wa kigango, ambao katekista alikubali kuuacha wazi jioni. Hatusemi tulishinda, ila tulilala siku tano kati ya saba, na mama anaposalimiana na mwenye grosari kila mmoja humtazama mwenzake usoni.

Neno letu la mwisho ni kwa mafrateri wenzetu na viongozi wa parokia. Seminari inatulea katika ukimya. Kengele ikilia baada ya sala ya usiku, kimya kikuu kinaanza, na asili yake ni ya zamani: Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, karne ya 6, inawataka wamonaki wanyamaze baada ya sala hiyo, na anayetaka kusoma wakati wenzake wamepumzika mchana asome bila kumsumbua mtu. Huko mitaani tutakakotumwa hakuna kengele hiyo, na nyuma ya ukuta wa kanisa kuna wapangaji. Kanuni za kelele zinagusa nyumba za ibada pia. Kitabu cha Methali, sura ya 27, kinasema kwamba anayembariki rafiki yake kwa sauti kubwa alfajiri na mapema atahesabiwa kuwa amemlaani. Tunapopanga mkesha au mazoezi ya kwaya, tuulize spika zinaelekea wapi na nani amelala upande ule, awe Mkatoliki, Mlutheri au Mwislamu.

Na kwa mpangaji mwenzetu ambaye jana hakulala: usiende usiku. Nenda mchana, anza na salamu, mjue jina lake. Kisha mtaje katika nia za jumuiya wiki hii, kwa jina hilohilo, kama tunavyowataja ndugu.